Jina Chini ya Boneti

Les Treloar alipokufa mwaka juzi, gazeti la mji wetu mdogo wa Galpin liliweka picha yake ukurasa wa kwanza, na juu ya picha likaandika kwa herufi kubwa: LIKIKUSUMBUA, NISUMBUE. Chini yake kulikuwa na mistari minne tu. Fundi wa magari, mume wa marehemu Beryl, baba wa mabinti wawili, yule mtu wa lile tangazo. Nilisoma nikiwa jikoni, chai ikanipolea mkononi. Hasira zilinipanda. Maneno yale hayakuwa yake. Yalikuwa yangu mimi, Dot Kemsley, niliyeyaandika mwaka 1973 nyuma ya mfuko wa karatasi wa pai ya nyama, kwa dakika kumi, nikiwa na haraka ya kurudi nyumbani. Yeye alichofanya ni kuishi ndani yake, na hilo hakuna gazeti lililoliandika.

Wakati huo nilikuwa mwandishi wa matangazo katika kituo chetu kidogo cha televisheni. Nasema mwandishi, lakini nilishika pia taa, nilichemsha chai, na mpiga picha akiwa na mafua nilipiga picha mwenyewe. Nusu ya matangazo yetu yalikuwa ya magari. Kampuni kubwa zilituletea filamu zao kutoka Melbourne zikiwa tayari. Gari linakimbia ufukweni pamoja na farasi weupe. Gari limeegeshwa juu ya jabali ambalo hata mbuzi angelipanda kwa kusitasita, na sauti nzito inasema, "Kwa mwanamume anayejua aendako." Galpin kila mtu alijua aendako, maana barabara ilikuwa moja. Hata hivyo watoto waliziimba nyimbo za matangazo hayo shuleni zaidi kuliko zile za kanisani.

Yaliyopendwa zaidi yalikuwa yetu ya hapahapa, yaliyotengenezwa ovyo. Muuza magari wa upande wa pili wa barabara alitangaza mwaka mzima, "Njoo na mke, uondoke na gari!" mpaka Mama Pohl akapiga simu kituoni kuuliza kama yeye ndiye atakayeachwa pale, na kama kutakuwa na chai.

Vern Haddrick, tajiri wa Haddrick Motors, duka la magari lililotazamana naye, hakutaka kushindwa.

"Dot, nataka kangaruu," aliniambia. "Na msichana juu ya boneti."

"Msichana juu ya boneti na kangaruu pembeni, au kangaruu naye apande?"

"Utajua mwenyewe. Si ndiyo kazi yako?"

Tulipiga picha mwezi wa Januari, saa saba mchana. Msichana, mpwa wa Vern, alikaa kwenye boneti kwa muda wa pumzi moja akaruka akipiga kelele, maana bati lilikuwa la moto kama kikaango. Kangaruu alishtuka, akaupiga teke mlango wa gari jipya ukabonyea, halafu akatulia na kula karatasi yangu yenye maneno. Kelele zile ndizo zilizomtoa Les uvunguni mwa lori, mwisho wa gereji, kuja kuona nani anakufa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, masikio makubwa, mikono myeusi kwa grisi hadi kwenye viwiko. Alikagua ule mlango. Akamgeukia kangaruu.

"Mguu wake mzuri," alisema. "Mpeni jezi acheze mpira Jumamosi."

Nikaona papo hapo kwamba kangaruu wa nini. Watu wa Galpin walikuwa wamechoka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Walichotaka ni uso wanaoufahamu. Nikaketi juu ya tairi, nikamaliza pai yangu, nikaandika kwenye ule mfuko: *Mimi ni Les. Kila gari linalotoka hapa nimelikagua mwenyewe. Likikusumbua, nisumbue.*

Les aliyasoma, akanirudishia.

"Siyasemi haya."

"Kwa nini?"

"Siyo kweli. Mimi nakagua moja katika matatu. Mengine wanakagua wenzangu, na mengine yanaoshwa tu."

Vern alicheka. "Bwana wee, ni tangazo! Nani anasema kweli kwenye tangazo? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na sisi tunatembeza."

"Basi tembeza wewe," alisema Les, akaanza kurudi kwenye lori lake.

Vern alimfuata. Walizungumza wakiwa wamesimama juani, na waliporudi palikuwa na mapatano. Kila gari jipya, bila kubakiza hata moja, Les atalikagua. Akishalimaliza ataandika jina lake chini ya boneti kwa rangi ya njano, na lisilo na jina halitoki getini. Sharti hilo lilikuwa lake Les, si la Vern wala langu. Ndipo aliposimama mbele ya kamera, akanyoosha spana kama anayemwonyesha mtu njia, akasema maneno yangu kana kwamba anakula kiapo.

Sijawahi kuandika kitu kilichoshika hivyo. Watoto walinyoosha vijiko mezani. Mchungaji alikitumia katika mahubiri. Na watu wetu, kwa kuwa ni watu wetu, walilichukua neno kama lilivyosemwa. Walimsumbua. Walimpigia simu Jumapili nyama ya kondoo ikiwa mezani. Walimletea magari ya kampuni nyingine, misumeno ya mashine, mashine za kufulia, na mzee mmoja alimletea kifaa chake cha masikioni. Les alikwenda kila alikoitwa. Aliendesha kilomita arobaini kwenye vumbi kubadilisha mkanda wa feni, akarudi na mayai kwenye kofia.

"Mdomo uliponza kichwa," Beryl, mkewe, alimwambia siku moja mbele yangu. "Kwa nini hukusema likikusumbua, msumbue Vern?"

"Vern hajui mkanda wa feni ulipo."

"Na wewe hujui kitanda chako kilipo!"

Walicheka wote wawili. Alilipenda lile jambo, siwezi kudanganya. Jumamosi za mpira, magari yalipoegeshwa kuuzunguka uwanja pua zikitazama ndani, kama tunavyofanya hadi leo, watu walipiga honi timu ikifunga goli. Les alipopita kando ya uzio kwenda kununua pai, walimpigia honi na yeye. Alitembea kichwa chini, masikio mekundu, na bado alipita upande ule ule kila wiki.

Mwaka 1975 rangi ikaingia kwenye televisheni, tukalirudia tangazo ili jina la njano lionekane. Baada ya hapo Haddrick Motors ikawa inauza magari kwa wilaya tatu. Vern akanunua kiwanja cha pili. Magari yalishuka kwenye malori manane kwa wakati mmoja, na Les alikuwa na mikono ileile miwili.

Vern alikuja na wazo la stika. Stika ndogo za njano, Les atie saini yake kwa kalamu, azibandike akishakagua. Rangi haitamchafua tena. Hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya uliingia taratibu. Kwanza Les alikaa na stika mfukoni. Kisha, kwa kuokoa muda, akawa anatia saini rundo zima Jumatatu asubuhi na chai yake, na kuliweka kwenye droo ya ofisi. Na siku ambazo magari yalikuwa mengi na wateja wamesimama mlangoni, kuna mikono iliyoingia kwenye droo ile.

Les alijua. Na mimi nilijua. Mwaka 1979 nilikwenda kupiga picha za tangazo jipya, nikazikuta zile stika mezani, hamsini au zaidi, zote zina jina lake, na magari ya kubandikwa bado yako Melbourne. Nilizisogeza pembeni kwa sababu zilikuwa zinarudisha mwanga kwenye kamera. Sikusema kitu. Les aliniona nikizisogeza, naye hakusema kitu.

Gwenda Noske alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Kilutheri, mwanamke mdogo wa kimo mwenye kicheko kikubwa, mke wa Ivo Noske anayelima ngano njia ya mfereji. Oktoba 1980, wiki ya maonyesho ya kilimo, alikwenda kulichukua gari lake jipya, jeupe, la kwanza kununuliwa kwa jina lake. Lilishushwa Alhamisi, likaoshwa, likapelekwa moja kwa moja kwenye maonyesho, na Jumamosi Gwenda akaliendesha kurudi nyumbani na keki iliyopata zawadi ya pili kwenye kiti cha nyuma. Les hakuwapo. Tangu Jumatano alikuwa Ballarat, hospitalini, Beryl akifanyiwa upasuaji wa tumbo.

Siku ya kumi, kwenye kona ya mfereji, usukani ulizunguka mikononi mwa Gwenda bila kugeuza kitu. Polisi waliolitoa gari majini walikuta nati moja ya usukani imefunguka yote. Pini ya kuizuia haikuwekwa tangu kiwandani. Fundi yeyote aliyelala chini ya gari lile kwa dakika tano angeliona tundu tupu. Walipofungua boneti, stika ilikuwa pale, imelowa, jina linasomeka.

Alizikwa Jumatatu. Ningepaswa kuliondoa tangazo kwenye orodha ya wiki ile. Nililisahau, na sina kisingizio. Jioni ile watu wamejaa nyumbani kwa Noske, sahani za sandwichi mapajani, televisheni imewashwa kwa sababu taarifa ya habari ilisema itaonyesha mazishi. Ikaonyesha. Halafu ikaja mapumziko ya matangazo, na Les akanyoosha spana kwenye sebule ya marehemu. "Kila gari linalotoka hapa nimelikagua mwenyewe. Likikusumbua, nisumbue."

Elva, dada yake Ivo, ndiye aliyenisimulia. Alisema hakuna aliyeinuka kuizima. Ivo aliweka sahani yake chini, akachukua kofia, akatoka. Kaka zake wawili wakamfuata na gari lao.

Les alikuwa mezani alipobishiwa hodi. Beryl, ambaye mshono wake ulikuwa haujapona vizuri, alisimama nyuma yake ameshika ukuta. Ivo hakuvua kofia.

"Les," alisema, "limenisumbua."

"Ingia ndani, Ivo."

"Siingii. Nataka neno moja tu. Uliliangalia?"

Beryl aliniambia baadaye kwamba alimwona mumewe akifungua mdomo mara mbili. Alichosema ni, "Jina ni langu, Ivo."

Ivo alilichukua hilo kuwa ndiyo. Mtu mwingine yeyote mjini angelichukua hivyo hivyo. Aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye pikapu yake, na kaka zake waliokuja tayari kwa ngumi wakabaki wanatazamana.

Uchunguzi wa kifo ulipangwa kusikilizwa mahakamani mwezi Machi. Miezi mitano. Katika miezi hiyo jambo lilikuwa moja tu: Les atasema nini. Vern alishamwandalia.

"Sema gari liliingia Jumanne," alimwambia. "Ulilikagua kabla hujaondoka. Pini ikakuponyoka jicho. Basi. Fundi mwaminifu kakosea, binadamu ni binadamu. Lakini ukisema stika zinabandikwa na yeyote, huo ni utapeli, Les, tunafungiwa milango. Watu kumi na mmoja watakosa kazi. Utakwenda wewe kuwaambia wake zao?"

"Na karatasi za lori zinazoonyesha siku gari lilipoingia?"

"Zimepotea."

Nilimtembelea Les Februari. Alikuwa kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba, anasafisha plagi ambazo tayari zilikuwa safi. Hakuniuliza nimefuata nini.

"Vern anataka niseme nililiangalia," alisema. "Na unajua nini, Dot? Nusu yangu inataka hivyo hivyo. Nikisema sikuliangalia, ni kama ninasema siyo mimi. Niliwaambia watu miaka saba, nisumbueni. Sasa wamekuja, niseme nendeni mlango wa pili?"

"Lakini hukuliangalia."

"Sikuliangalia."

"Wanaweza kukushtaki, Les. Kwa kosa usilolifanya."

"Nililifanya. Sijui tu linaitwaje." Aliweka plagi chini. "Wewe ungesemaje?"

Hapo ndipo ningemsaidia. Ningesema nami niliziona zile stika, nitasimama mahakamani pamoja na wewe. Nilikuwa na kazi nzuri, na Vern alikuwa mteja mkubwa kuliko wote wa kituo. Nikamwambia afanye anavyoona. Nikanywa chai, nikala skonzi za Beryl, nikaenda zangu. Naona haya hadi leo.

Siku ya kusikilizwa, mahakama ndogo ya Galpin ilijaa mpaka nje. Joto lilikuwa kali, wanaume wameshika kofia magotini. Ivo aliitwa kwanza. Hakimu alimuuliza kama mkewe aliwahi kulalamika juu ya gari.

"Ndiyo," alisema Ivo. "Siku ya tatu. Alisema usukani unacheza."

"Ukachukua hatua gani?"

Ivo aliinamisha kichwa. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Nilikuwa natengeneza mashine ya kuvunia," alisema. "Alinijia pale akaniambia, baba, hili gari linanishinda mkononi. Nikaenda nikafungua boneti. Nikamwonyesha stika. Nikamwambia, mama, Les ameshaliangalia, wewe hujazoea usukani mpya tu. Nikafunga boneti. Akasema basi sawa. Akaenda mazoezi ya kwaya."

Nilimwona Les, kwenye benchi la mbele, akiinua kichwa polepole na kumtazama Ivo, na uso wake ulibadilika rangi. Alikuwa hajui. Hakuna aliyekuwa anajua. Ivo alikuwa amelibeba mwenyewe tangu Oktoba.

Kisha wakamwita Les. Wakili wa Vern, bwana mmoja wa Melbourne mwenye tai ya hariri, alikwishaweka swali lake tayari mdomoni.

"Bwana Treloar, gari hili ulilikagua Jumanne, siyo?"

"Hapana."

"Siku gani basi?"

"Sikulikagua. Liliingia mjini Alhamisi, nami nilikuwa Ballarat na mke wangu. Jina nililiandika Jumatatu, kabla gari halijafika. Nilikuwa nakunywa chai."

Vern alisimama nusu, akakaa. Wakili alijaribu njia nyingine.

"Kwa hiyo unaiambia mahakama kwamba ulikuwa unawadanganya watu kwenye televisheni kwa miaka saba?"

"Nilipolisema mara ya kwanza lilikuwa kweli," alisema Les. "Baadaye likaacha kuwa kweli, nami nikaendelea kulisema."

Hakimu akauliza nani alijua habari za droo. Les alitaja jina lake, akataja la Vern. Mimi nilikuwa safu ya tatu, na kalamu yangu ya kituo mkononi. Macho yetu yalikutana. Akayaondoa, akasema hao tu ndio anaoweza kuwasemea. Nilibaki nimekaa.

Haddrick Motors ilifungwa kabla ya Pasaka. Wale kumi na mmoja walitawanyika, watatu wakahama mji, na wake wa wengine walivuka barabara wakimwona Beryl. Wengine walisema Les ni mtu mkweli. Wengine walisema mkweli gani huyo anayengoja mtu afe. Les hakubishana na upande wowote. Aliandika kwenye kadi na kuibandika dirishani kwa muuza nyama: kila mwenye gari lenye stika yake alilete nyumbani kwake alikague bure. Yalikuwa zaidi ya mia mbili. Wiki mbili zikapita, yakaja manne. Watu waliona aibu kumpelekea, au walikuwa na hasira, au walisema gari langu halina neno. Kwetu huku mtu akishaudhika haji kwako. Anakaa anakungoja umpite.

Jumamosi ya kwanza ya msimu wa mpira, mwezi wa Aprili, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha Alhamisi. Magari yaliuzunguka uwanja kama kawaida, mia na zaidi, pua ndani. Nilikuwa ndani ya langu, madirisha juu kwa ajili ya baridi. Robo ya kwanza ikaanza, maana mpira wetu huchezwa robo nne. Ndipo nikamwona Les anaingia getini na sanduku la spana na kipande cha turubai.

Hakwenda kununua pai. Alikwenda kwenye gari la kwanza kando ya uzio, akagonga dirisha. Sikusikia alichosema, lakini niliona boneti inafunguliwa. Alitandika turubai kwenye tope, akalala, akaingia chini. Alipotoka alikwangua kitu chini ya boneti kwa kisu, akafunga, akaenda gari la pili. Wengine walifungua upesi upesi ili aondoke mbele yao. Mmoja alipandisha kioo na kutazama mbele. Les alisimama pale kwenye manyunyu, hakugonga tena, hakuondoka, mpaka yule bwana akachoka akafungua. Timu yetu ikafunga goli. Nusu ya uwanja haikupiga honi kwa kuwa boneti zilikuwa juu na watu wamesimama nje.

Robo ya tatu alifika kwenye pikapu ya Ivo Noske. Ilikuwa magari mawili kutoka kwangu, na nilikuwa nimeshusha kioo. Blanketi la Gwenda, lile alilofuma mwenyewe, lilikuwa bado kwenye kiti cha abiria. Les hakugonga. Alisimama upande wa dereva, kofia mkononi.

Ivo alitazama mpira. Nadhani hakuuona. Baada ya muda, bila kugeuza kichwa, aliingiza mkono chini ya usukani akavuta, na boneti ikaruka.

Les alikaa chini ya pikapu ile robo nzima. Magari mengine aliyapa dakika tano, kumi, lakini ile aliipapasa nati moja moja. Alipotoka, mgongo wake wote ulikuwa tope. Akakwangua stika, akaikunja ndani ya kiganja.

"Iko salama, Ivo."

"Ungeniambia siku ile mlangoni," alisema Ivo. Sauti yake haikuwa ya ukali. "Nilikuuliza neno moja. Miezi mitano, Les, kila usiku nilijiambia, basi angalau kuna mtu aliliangalia. Angalau mimi sikumkabidhi mke wangu kwa karatasi tupu. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho, na hata hicho kilikuwa cha uongo."

"Ndiyo," alisema Les.

"Sina kingine cha kukwambia."

"Najua."

Les alifunga boneti kwa mikono miwili, polepole, isipige kelele. Akakunja turubai. Gari lililofuata halikuwa na stika, akalipita. Lililofuata lilikuwa langu, la mwaka 1978, nililopunguziwa bei na Vern kama shukrani kwa matangazo mazuri.

Aliinama dirishani. Tope lilikuwa limemwingia hadi kwenye nyusi.

"Fungua, Dot."

Nikavuta. Nilikuwa na maneno mengi, kazi yangu yote ilikuwa maneno, na lililotoka ni, "Les, zile stika, siku ile ya picha, mimi niliziona."

"Najua," alisema. "Nilikuona ukizisogeza."

"Mbona hukunitaja mahakamani?"

"Nilikungoja usimame."

Akatandika turubai yake kwenye tope, akalala chali, akaingia chini ya gari langu, nami nikakaa juu yake nimeshika usukani, nikisikia spana ikigusa chuma, moja baada ya nyingine.